Pwani ya Wabaski majira ya joto: upange chumba wapi? Chaguo sita, kuanzia bora

Likizo ya pwani ya Wabaski, watu wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, huharibiwa na mahali ulipopanga kulala kuliko kitu kingine chochote. Pwani yenyewe ni fupi: kutoka Bilbao, upande wa Hispania, hadi Bayonne, upande wa Ufaransa, gari haligusi hata saa mbili. Wengi wakiona ufupi huo huhama hoteli kila baada ya siku mbili, na nusu ya likizo huishia kwenye kufunga na kufungua mabegi. Shika kituo kimoja. Ukiwa na zaidi ya siku kumi, shika viwili. Kwingine nenda asubuhi urudi jioni.

Tumepanga chaguo hizi kwa kuangalia kama mtu anaweza kuzunguka bila gari, kama atakutana na maisha ya Wabaski wenyewe na si ya watalii wenzake tu, na kama chumba kinapatikana.

Tarehe kwanza

Agosti ndio mwezi wa bei mbaya. Sherehe kubwa ya Donostia, ambayo kwenye ramani nyingi ni San Sebastián, huangukia wiki yenye tarehe 15 Agosti. Ya Bilbao huanza Jumamosi inayofuata tarehe hiyo na kuendelea siku tisa. Bayonne hufanya yake mwezi wa Julai. Ukizitaka sherehe hizo, weka chumba miezi kadhaa mapema. Kama huzitaka, zikwepe kabisa, maana utalipa bei ya sherehe na usiku usilale kwa kelele.

Sisi tungenunua siku kumi za kwanza za Septemba. Bahari bado ina joto lake la Agosti, kiasi cha nyuzi 21 hivi, ambazo kwa aliyezoea Bahari ya Hindi ni baridi, lakini huogeleka. Jumapili mbili za kwanza za mwezi huo kuna mashindano ya mashua za makasia kwenye ghuba ya La Concha, Donostia: kila mashua ina wapiga makasia 13 na nahodha mmoja, na mashindano haya yapo tangu 1879. Kuyatazama ukiwa ufukweni au juu ya kilima cha Urgull hakulipiwi. Tarehe 8 Hondarribia wana gwaride lao, na tarehe 9 watu wa Zarautz huvaa mavazi ya jadi.

1. Zarautz

Ufukwe wake, kilomita mbili na nusu hivi, ndio mrefu kuliko wote katika mkoa wa Gipuzkoa. Kinachoupa mji huu nafasi ya kwanza, hata hivyo, ni treni ndogo ya Euskotren. Donostia ni mwendo wa nusu saa hivi, na Zumaia upande wa pili ni karibu zaidi. Kwenda Getaria hakuna treni, lakini kuna njia ya miguu kandokando ya bahari, kilomita nne, saa moja kwa mwendo wa kawaida. Bahari ikichafuka mawimbi huipanda njia hiyo nayo hufungwa. Hapo panda basi.

Getaria ndipo alipozaliwa Elcano, nahodha aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka 1522, na mshonaji Balenciaga, ambaye makumbusho yake yalifunguliwa 2011. Watu wengi, lakini, huja kula. Samaki bapa huchomwa mzimamzima juu ya mkaa, majiko yakiwa nje mtaani. Angalia hapa: huuzwa kwa kilo, na bei ya kwenye menyu ni ya kilo, si ya sahani. Mwambie mhudumu akuonyeshe samaki na akutajie uzito kabla hajawekwa jikoni. Samaki wa kilo moja na nusu huwatosha watu watatu.

Zumaia ni kwa ajili ya miamba: matabaka ya mawe membamba yaliyosimama wima, mamia kwa mamia, na ndani yake umo mpaka wa miaka milioni 66 iliyopita, zama dinosaria walipotoweka. Kitu kinachowaangusha wageni ni maji. Kama ilivyo Mombasa au Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita nne wakati wa bamvua. Ukifika maji yamejaa utaona ukuta tu, sakafu yote ya mwamba imefunikwa. Tazama jedwali la maji kupwa na kujaa, ufike saa moja na nusu kabla maji hayajapwa kabisa, uvae viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu mwani wa pale unateleza kweli. Na uanze kurudi mara maji yanapogeuka.

Kasoro ya Zarautz: hoteli ni chache, na nyumba nyingi Agosti hukodishwa kwa wiki nzima. Juu ya kilima kuna viwanja vya kupiga kambi, vinavyosaidia wenye bajeti ndogo.

2. Donostia

Ukitaka kula na kutembea usiku, hii ndiyo namba moja yako. Basi la moja kwa moja hutoka uwanja wa ndege wa Bilbao, saa moja na robo hivi. La Concha ina maji matulivu yanayofaa watoto, lakini maji yakijaa mchanga hubaki kidogo na watu hubanana. Ufukwe wa pili, Zurriola, ni wa mawimbi. Ogelea kati ya bendera tu.

Tumeishusha hadi nafasi ya pili kwa bei zake, na kwa sababu Mji wa Kale una wageni wengi mno wakati wa joto. Panga mtaa wa Gros au wa Amara badala yake. Amara ndiko iliko stesheni ya Euskotren, utatoka kwa urahisi.

3. Bilbao

Chaguo la mwenye siku nne au wa safari ya dakika za mwisho. Mji ni mkubwa, vyumba vipo. Metro, ambayo vituo vyake vilisanifiwa na Norman Foster, inakufikisha ufukweni Sopela na Plentzia. Njiani shuka Areeta uone daraja la 1893 linalovusha magari ndani ya kibanda kinachoning'inia kwa nyaya. Makumbusho ya sanaa ya Guggenheim watu hawahitaji kuambiwa. Nunua kadi ya nauli ya Barik kwenye mashine ya stesheni. Inatumika pia kwenye Euskotren.

4. Mundaka, Bermeo au Lekeitio, ukiwa na gari

Hapa Kibaski husikika zaidi madukani na bandarini. Mundaka na Bermeo zina treni inayopita Gernika, mji uliopigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937. Lekeitio haina treni. Kanisa la Gaztelugatxe, ngazi 241 juu ya mwamba, linahitaji tiketi ya bure ya mtandaoni majira ya joto. Asiye nayo hurudishwa, na njia ya kurudi ni mlima. Mawimbi maarufu ya Mundaka ni ya vuli na baridi. Usilipie chumba cha Julai kwa ajili yake.

Kwenye sherehe za vijiji vya huku tafuta jina *bertsolari* kwenye bango. Ni malenga wanaopewa mada papo hapo na kujibizana kwa kuimba, wakifuata vina na mizani. Aliyekulia kwenye malumbano ya mashairi atafuata mchezo hata bila kuelewa neno, kwa kuwasikia watu wakimalizia kina pamoja na mwimbaji.

5. Saint-Jean-de-Luz na Hendaye

Pazuri, patulivu, pa familia. Hendaye imeunganishwa na Donostia kwa treni. Maisha yake, hata hivyo, ni ya Kifaransa zaidi. Beba pasipoti, ukaguzi mpakani upo.

6. Ziara ya basi ya siku nyingi

Utaona kila kitu kupitia dirishani. Basi halisubiri maji yapwe.

Viza na mpangilio wa malipo

Mkenya, Mtanzania au Mganda anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama anaishi Uingereza. Maombi hupelekwa kwa nchi utakakolala usiku mwingi zaidi: Zarautz ni Hispania, Hendaye ni Ufaransa. Ukigawa sawa, ni nchi utakayoingia kwanza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima isipungue yuro 30,000, na maombi hufunguliwa miezi sita kabla. Kwa hiyo anza na chumba kinachofutika bila faini, kisha viza, na tiketi ya ndege uilipie mwisho. Istanbul na Amsterdam zote zina ndege za kwenda Bilbao.

Mezani

Chakula cha mchana ni saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu. Cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu, na katikati majiko mengi hufungwa. Pengo hilo huzibwa na *pintxo*, vitafunio vya kaunta. Za moto hazipo kaunta, zimeandikwa ubaoni, na ndizo bora. Kula moja au mbili, lipa, nenda baa inayofuata.

Asiyekula nguruwe aulize hata kwenye maharage na supu, maana soseji huchemshwa humo. *Txerri* ni nguruwe, *urdaiazpiko* ni paja lake lililokaushwa. Salama zaidi ni *antxoa*, *legatz* na *hegaluze*, wote samaki. *Sagardoa* si juisi ya tufaha, ina kileo. Mwenye kuswali ajue kwamba mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo Isha huingia kuelekea usiku wa manane.