DocFetcher kwa nyaraka za Kiswahili: kinyota ndicho kinachoibeba

Kisanduku cha kutafutia cha Windows hulinganisha neno kuanzia herufi yake ya kwanza. Kiswahili kinabadilikia mbele: aliyelipa, hajalipa, watalipwa. Andika "lipa" na hayo yote yatakupita. Hapo DocFetcher, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, inaishinda Windows waziwazi.

Ni programu ya bure, ya chanzo huria, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Inasoma Word za zamani na mpya, Excel, PowerPoint, PDF, EPUB, faili za LibreOffice, hata barua pepe za Outlook zilizohifadhiwa kama PST. Ila ni lazima kwanza ijenge faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyomo kwenye faili zako. Kwenye eneo la "Search Scope" bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Create Index From", kisha "Folder", onyesha folda yenye nyaraka na uanzishe. Usiipe diski C nzima. Itapoteza muda kwenye faili za mfumo na kukujazia majibu ya takataka.

Sasa kinyota. Alama * husimama badala ya herufi zozote, na DocFetcher inakubali uiweke mwanzoni mwa neno, japo utafutaji unakuwa mzito kidogo. Wengi hukimbilia *lip*, kisha wanashangaa kuletewa "alipofika", "mlipuko" na "walipo". Hata *lipa* inazoa "alipata" na "alipanda". Ondoa kinyota cha nyuma, utaje miisho mwenyewe:

*lipa OR *lipwa OR *lipe OR malipo

Hiyo inanasa walilipa, hajalipwa na asilipe. Ukitaka "hailipi" ongeza *lipi, na uvumilie "lipi" la kuuliza. OR ("au") na AND ("na") ziandikwe kwa herufi kubwa. Kwa maneno yaliyo karibu karibu, "mpangaji kodi"~10 hutafuta nyaraka ambazo maneno hayo mawili hayajaachana zaidi ya maneno kumi. Kwenye mkataba mrefu hiyo inasaidia kuliko AND.

Mtego mwingine ni ng'. Word hugeuza alama ya ' iliyonyooka kuwa ya kupinda, kwa hiyo ng'ombe wa faili moja si ng’ombe wa faili nyingine machoni pa kompyuta. Tafuta *ombe. Utaletewa na "tuombe" pia, lakini hakuna ng'ombe atakayebaki nje.

Majibu yanapangwa juu, na maandishi ya faili yanaonekana kwenye kidirisha chake, neno limetiwa rangi, bila kufungua Word. Sura yake ni ya kizamani, sawa, lakini kidirisha hicho peke yake kinatosha kuisamehe.

Kuna toleo la kubeba kwenye flashi. Ukijenga faharasa hapo, weka alama kwenye chaguo la kuhifadhi njia za faili kwa uhusiano (relative, yaani kuanzia ilipo programu), si kamili zenye herufi ya diski. La sivyo flashi ikiwa E leo na kesho F, majibu yataonekana ila faili hazitafunguka. Toleo hilo pia haliwashi lenyewe kilinzi cha kufuatilia mabadiliko chinichini, hivyo ukiongeza nyaraka wakati programu imefungwa, sasisha faharasa kwa mkono.

Udhaifu mkubwa ni PDF za skana. Hizo ni picha, na DocFetcher haisomi picha. Haikupi onyo: neno linakosekana tu, nawe unadhani halimo. Kipimo ni chepesi: fungua PDF, jaribu kuchagua mstari mmoja kwa mausi. Mstari ukigoma kuchaguliwa, ipitishe PDF kwanza kwenye OCRmyPDF, programu ya bure inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi kwa kutumia kisomaji cha Tesseract, ambacho kina data ya Kiswahili. Amri ni hii:

ocrmypdf -l swa+eng --skip-text barua.pdf barua_mpya.pdf

Sehemu ya --skip-text huziruka kurasa ambazo tayari zina maandishi. Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Chini ya hapo "m" huanza kusomwa "rn" na utafutaji unaharibika. Mihuri iliyogongwa juu ya maneno huvuruga mstari mzima, na mwandiko wa mkono usiutarajie.