Vazi la Halloween la kutengeneza nyumbani: boksi au shuka?

Jioni ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto Marekani huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Kwa asiyetaka vazi la dukani, kuna njia mbili za bei chee: roboti ya boksi na mzimu wa shuka.

Roboti huanza siku kadhaa kabla. Toboa matundu ya kichwa na mikono, funika boksi kwa karatasi ya aluminiamu, bandika vifuniko vya chupa viwe vitufe. Raha yenyewe iko hapo: mtoto anapaka gundi, mkubwa anashika kisu. Ndani hubaki nafasi ya koti zito, jambo la maana kule kaskazini. Halloween ya 1991 Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ilikumbwa na dhoruba kubwa ya theluji. Ubaya wake? Mvua ikinyesha boksi hulegea, na aliyelivaa hawezi kukaa garini wala haoni ngazi miguuni pake.

Shuka ni dakika chache za mkasi tu. Lakini matundu ya macho huhama mtoto akigeuza kichwa, na upindo mrefu hukwaza, tena unaweza kushika moto karibu na maboga yaliyochongwa na kuwekwa mishumaa ndani, mapambo ya siku hiyo barazani. Ukate juu ya vifundo vya miguu, uache uso wote wazi, kisha umpake mtoto rangi nyeupe usoni.

Kwa mtoto wa miaka minne ningechukua shuka, maana atachoka mapema. Wa miaka tisa mpe boksi, na majani mekundu yaliyopukutika uani abandike apendavyo.