Kikokotoo cha Umbali wa Anga: Tromsø hadi Longyearbyen

Nimekitumia kikokotoo hiki cha mtandaoni kupanga safari ya kaskazini kabisa mwa Norwei, na kwa upande wa umbali ninakisifu bila kusita. Kati ya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, na Longyearbyen, makao makuu ya visiwa vya Svalbard, kilinipa takriban kilomita 960 kwa mstari wa anga, ilhali ramani nyingi za ukutani huzivuta nchi za kaskazini zikaonekana kubwa kupita kiasi. Muda wa kuruka, saa 1 na dakika 40 hivi, nao unakubalika.

Kasoro yake ni kuishia hapo. Svalbard haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya, Norwei bara ikiwemo, zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, hivyo abiria anayetoka Oslo kwa ndege inayopitia Tromsø hulazimika kushuka na mizigo yake ya mkononi, kupanga foleni ya ukaguzi wa pasipoti, kisha kupanda tena. Ukungu nao unaweza kuizuia ndege isitue, wala hakuna barabara ya kukimbilia. Ninawasihi watengenezaji waongeze maelezo hayo, kwa sababu msafiri anayetegemea saa za kuruka peke yake anaweza kuikosa ndege ya kuunganisha.