Fimbo ya kuvulia samaki namba 8: yenyewe safi, mshipi wake hovyo

Nimevua nayo miezi minne sasa hapa Uganda, mto Nile chini ya Jinja, so sisimulii ya kwenye boksi. Ni seti ya kuvulia kwa nzi wa bandia, fimbo namba 8 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba) ya futi 9, vipande vinne, na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, na mshipi humo humo, niliagiza mtandaoni ikanifikia kwa laki saba na ushee ukihesabu ushuru.

Kwenye boksi wamechora stilihedi. Msiomjua, ni samaki, trauti wa kawaida tu ila huyu hukulia baharini halafu anarudi mtoni kutaga, na si lazima afe akishataga kama samoni wengi wa Pasifiki. Wanamvua Oregon na British Columbia huko, sana sana wakati wa baridi kali. Hiyo baridi ishikeni, ndo imeniponza.

Fimbo sina neno. Inarusha nzi mkubwa wa manyoya, ile chambo bandia yenye ndoana, hata upepo wa mchana ukikupiga usoni. Ule mtindo wao, unarusha kukatisha mto halafu unaacha mkondo umzungushe nzi polepole mpaka mshipi unyooke upande wa chini, niliujaribu kwenye mawe na mara ya tatu kisinja, samaki wa hapa mwenye nguvu, akadaka akateremka na maji, mshipi wote ukaisha nikabaki naona uzi mweupe wa akiba unatoka tu. Kilo mbili hivi, lakini ni kama unavuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Sasa mshipi. Umetengenezewa maji baridi, koti lake ni laini ili usijikunje kule, ukiuleta kwenye jua la saa saba unazidi kulainika unanata vidoleni na kwenye pete za fimbo, unataka kurusha mita 15 unapata 7. Tafuteni ulioandikwa wa nchi za joto, mimi nimeshanunua mwingine.

Rili nayo breki ikilowa inateleza. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu eti nisiiloweshe. Rili ya kuvulia samaki jamani!

Na wavuvi wa kule maporomoko ya Murchison msimrushie ngassa, yule samaki-chui (tigerfish), bila kipande cha waya mbele ya nzi, yale meno yanakata uzi kama wembe.

Nyota tatu, zote za fimbo. Kama wanauza fimbo tupu chukua hiyo. Ule mshipi wa kwanza mke wangu kaufanya kamba ya kuanikia nguo, na hata huko analalamika mashati yananata.