Kuagiza Corvette mpya Marekani: njia tano, kuanzia ile ninayoiamini

Shemeji yangu alipoamua kuagiza Corvette, gari la michezo la Kimarekani, mwaka 2021, alichukua miezi sita kuchagua rangi. Kuchagua muuzaji hakukumchukua hata nusu saa: alikwenda yadi iliyo karibu na kwake, akaacha arbuni ya dola 1,000, akarudi nyumbani na risiti huku anapiga mluzi. Miezi kumi na minne baadaye akauliza, kwa upole kabisa, yuko wa ngapi kwenye orodha. Wa kumi na tisa. Na yadi inapata Corvette ngapi kwa mwaka? Mwaka uliopita ilipata mbili.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nitaisemea Corvette kwa kuwa ndiyo ninayoijua, ila hata anayeiwinda Porsche 911 GT3 atakutana na mchezo huuhuu, tena mkali zaidi.

Corvette zote hutoka kiwanda kimoja, Bowling Green, jimbo la Kentucky. Kampuni inayoziunda, General Motors, haikuuzii moja kwa moja, maana sheria za majimbo zinawalinda mawakala, yaani wenye yadi. Lazima upite kwao. General Motors humpangia kila wakala idadi ya magari anayoruhusiwa kuagiza, na aliyeuza mengi jana hupewa mengi kesho. Idadi hiyo ndiyo mgao. Ndiyo, kama ule wa umeme, na tabia ni zilezile: nyaya umevuta, mita unayo, balbu mpya, lakini zamu yako isipofika unakaa gizani. Arbuni bila mgao ni mkopo usio na riba uliompa mwenye yadi.

Jambo la pili ni bei. Tangu sheria ya mwaka 1958, kila gari jipya Marekani hubandikwa stika dirishani yenye bei ya kiwandani. Bei hiyo ni elekezi tu. Kizazi hiki cha Stingray, Corvette ya kawaida, kilipozinduliwa Julai 2019 kilitangazwa kwa dola 59,995, na wakala alikuwa huru kubandika karatasi yake pembeni yenye nyongeza. Ilipoingia Z06, toleo kali zaidi lenye injini ya V8 ya lita 5.5 isiyo na turbo, nguvu za farasi 670, nyongeza za makumi ya maelfu ya dola zikawa jambo la kawaida. Siku hizi Stingray unaikuta yadini inakusubiri wewe, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie kwa hadithi za 2021. Joto limehamia matoleo makali kuliko hayo: ZR1 yenye farasi 1,064, na ZR1X iliyokuja baada yake.

Ya kwanza: wakala mkubwa wa Corvette, hata awe majimbo matatu mbali

Kuna yadi chache nchini zinazouza Corvette kwa mamia kila mwaka. Hizo ndizo zenye mgao mnene, na baadhi zinauza kwa bei ya stika kwa sababu faida yao iko kwenye wingi. Foleni ni ndefu, lakini inatembea. Kuwa wa 60 mahali panapopata magari 200 ni afadhali mara mia kuliko kuwa wa 19 mahali panapopata mawili.

Piga simu, usiende. Muulize muuzaji mambo manne: mwaka jana mlipata ngapi za aina hii, mbele yangu wako wangapi, mnauza kwa stika au kwa nyongeza, na arbuni inarudi nikighairi? Anayejibu kwa tarakimu, endelea naye. Anayejibu "usijali kaka, tutakuweka vizuri", mshukuru ukate simu. Kisha aliyejibu vizuri aandike majibu yake kwa baruapepe, bei ikiwa ndani. Ahadi ya mdomo ya meneja wa mauzo huondoka siku anayoacha kazi, na kwenye yadi za magari watu huacha kazi sana.

Wengi huogopa umbali kwa ajili ya kodi. Kwa kawaida kodi ya mauzo hufuata mahali unaposajili gari, si unaponunulia, hivyo kusafiri hakukukomboi wala hakukuumizi. Kinachobadilika ni ada ya makaratasi. Kuna majimbo yaliyoiwekea kikomo, na kuna mengine, kama Florida, ambako wakala anajipangia mwenyewe. Iulize mapema.

Ya pili: yadi ndogo ya mji mdogo isiyo na orodha

Hii ni bahati ya mtafutaji. Kuna yadi za vijijini zinazouza malori ya wakulima na kupata Corvette moja mbili kwa mwaka, na hazina mtu anayezingoja. Hapo moja inakutosha, mradi ni yako. Shemeji ndiyo iliyomwokoa. Alipiga simu thelathini na moja kwa wikendi mbili, daftari mkononi, akampata mama mmoja mwuzaji aliyemwambia, "Ninayo nafasi moja mwezi ujao, na hapa hakuna anayeitaka." Udhaifu wake: yadi ya namna hii haina uzoefu na fomu ya kuagiza. Soma kila mstari mwenyewe. Kifaa kimoja kilichobanwa kiwandani kwa uhaba kinaweza kuzuia oda nzima huku muuzaji hajui hata kwa nini.

Ya tatu: gari lililoachwa na mwenyewe

Watu hughairi. Ndoa, talaka, benki kukataa mkopo. Gari linafika yadini bila mwenyewe. Ukiwa mtu usiyeng'ang'ania rangi na umempa muuzaji namba yako, unaweza kuruka foleni ya mwaka mzima. Nimeiweka ya tatu kwa kuwa haipangiki.

Ya nne: kulipa nyongeza

Ni halali, ni haraka, na fedha ni zako. Lakini bima ikikulipa gari likipata ajali, au ukiliuza baada ya miaka mitatu, hakuna atakayekurudishia nyongeza hiyo. Ogopa zaidi nyongeza iliyojificha. Shemeji alipelekewa karatasi, na yadi nyingine kabisa, yenye mistari mitatu chini ya bei: nta ya kulinda rangi, nati za kuzuia wezi wa matairi, na naitrojeni ndani ya matairi. Ile naitrojeni ilikuwa dola 299. Hewa tunayovuta bure tayari ni naitrojeni asilimia 78.

Ya mwisho: mlanguzi

Huyu kapata gari kwa stika, kalitembeza maili mia mbili, sasa analiuza kama tiketi ya mechi ya watani wa jadi. Mbali na bei, kuna mtego: mwaka 2022 General Motors ilitangaza kwamba Z06 mpya ikiuzwa kabla ya miezi 12, baadhi ya waranti hazitamfuata mnunuzi wa pili. Unalipa zaidi, unapata pungufu. Simshauri mtu.

Ukishapata mgao, dai namba ya oda, ile ya herufi na tarakimu zilizo sita kwa jumla, kisha angalia kama oda imeandikwa SRE, yaani imeshauzwa kwa mteja, au TRE, yaani ni ya kukaa yadini. Ukikuta TRE, gari hilo bado si lako. Mwambie abadilishe mbele yako. Kuanzia hapo utaishi kwa tarakimu, yaani namba za General Motors zinazoonyesha oda imefikia hatua gani. 1100 maana yake oda imeingizwa kwenye mfumo, na hapo ndipo wauzaji wenye maneno mengi hukupongeza, ingawa hakuna kilichotokea. 2000 kampuni imeikubali. 3000 ndiyo ya kushangilia: kiwanda kimeipokea. 3400 ukitaka kubadilisha kitu umechelewa, na 3800 gari limeundwa. Hata hapo usinunue mafuta. Desemba 2021 kimbunga kilipiga Bowling Green, kiwanda kikashika moto, na magari zaidi ya mia moja yaliyokuwa humo yakatupwa.

Neno kwa wanaoota kulipeleka nyumbani. Corvette ya Marekani ina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya kawaida ya namna hiyo. Kizazi hiki ndicho cha kwanza kuundwa kiwandani kikiwa pia na usukani wa kulia, kwa ajili ya nchi kama Uingereza, Japani na Australia. Anayelitaka kwa ajili ya Nairobi aanzie huko, si Kentucky. Na achukue kifaa cha kunyanyua pua ya gari. Kinakumbuka kwa setilaiti sehemu 1,000 zenye matuta. Kwetu Mbagala, Dar es Salaam, kingejaa kabla ya Jumapili.

Shemeji alichukua lake mwaka 2022, rangi ileile ya miezi sita. Yadi ya kwanza ilimrudishia arbuni baada ya barua pepe nne, na wiki mbili baadaye wakampigia kumwambia amepanda, sasa ni wa kumi na saba.