Kliniki ya tiba ya usemi, Kisumu: mama amesaidika

Mama alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko. Akili timamu kabisa, lakini neno linamkwama.

Ninachokisifu hapa ni mtaalamu mwenyewe. Kabla ya lolote aliuliza nyumbani tunaongea lugha gani. Tuliposema Kijaluo, akaziweka kando kadi za Kiingereza, akatoa picha za omena, sufuria na jembe. Alimpa mama muda. Hakummalizia maneno, nasi akatukataza. Kisha akaanzisha wimbo wa kanisani, na mama, aliyeshindwa hata kuomba maji, akaimba ubeti mzima! Nililia. Alitueleza kuwa uimbaji hutegemea sana upande wa kulia wa ubongo. Tangu hapo anamfundisha kusema "miya pi" (nipe maji) kwa mahadhi, huku akimgonga taratibu mkono wa kushoto. Sasa maji anaomba mwenyewe.

Sikujua pia kwamba wataalamu hawa hutibu shida za kumeza. Mama alikuwa akipaliwa na chai. Sasa anakaa wima na kunywa kidogo kidogo.

Ubaya: iko ghorofani na lifti hakuna. Kumpandisha mgonjwa wa kiharusi ngazi zile ni mateso, warekebishe haraka.

Watoto pia wanahudumiwa. Kama wako ametimiza miaka miwili na haunganishi maneno mawili, usiambiwe "atasema tu". Mpeleke, na masikio yapimwe kwanza.