Kuli mkononi, urojo bakulini: Mji Mkongwe wa Adam Shafi

Mgeni wa Unguja hupewa njia ileile kila siku: Ngome Kongwe, Beit el-Ajaib kwa nje, duka la vinyago, Forodhani usiku, kesho yake gari la Nungwi. Njia hiyo inamwonyesha mji wa wenye majumba. Adam Shafi ameuandika mji wa waliobeba magunia, waliopika jikoni kwa wengine, na wanawake wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, waliofungua milango yao wakati ndugu wa damu wamefunga ya kwao. Ukisoma riwaya zake kabla ya kushuka kwenye boti, hutakula mahali palepale wala hutapita vichochoro vilevile. Yafuatayo ni maoni yetu kuhusu vitabu vyenyewe, na sehemu za kula na kunywa zinazostahili msomaji wake.

Shafi alizaliwa Zanzibar mwaka 1940. Akasomea ualimu Beit el-Ras, kisha akatoka akiwa kijana kwenda Ulaya, akasoma Ujerumani Mashariki na baadaye uandishi wa habari Prague. Safari ile ya kutafuta njia ya Ulaya kwa nchi kavu ndiyo iliyozaa *Mbali na Nyumbani* (2013). Kabla yake zilikwishatoka *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) na *Kuli* (1979), zote mbili na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, halafu pakapita kimya cha miaka ishirini hadi *Vuta N'kuvute* (1999) ya Mkuki na Nyota. *Haini* ikafuata mwaka 2003. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Mzee Karume kuuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, na *Haini* ndiyo riwaya iliyobeba miaka ile.

Uanze na kipi? Anza na *Kuli*. Ni fupi, lugha yake nyepesi, na inakupeleka moja kwa moja bandarini, kwenye mgomo wa Agosti na Septemba 1948 uliosimamisha kazi za mji. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingine wahusika husema kama wanahutubia mkutano, lakini kurasa zinazohusu kazi yenyewe, uzito wa mzigo, jasho, ujira wa siku, hazina mfano. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ina kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi: bwana ni mbaya mwanzo mwisho. Kinachoiokoa ni Kijakazi, mtumishi anayeendelea kumtumikia bwana wake hata Mapinduzi yamekwishafika mlangoni. Hakuna mwandishi mwingine wa Kiswahili aliyeuonyesha utumwa wa moyoni kwa namna ile.

*Vuta N'kuvute* ndiyo kilele. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mzee, anaikimbia ndoa, anakataliwa kwao, na anapokewa na Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo. Denge na siasa zake za kupinga ukoloni wanaingia baadaye, na wasomaji wengi waliofundishwa kitabu hiki kidato cha tano na sita hukumbuka siasa tu. Kirudie ukiwa mtu mzima, umtazame Mwajuma. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, ni nzuri kwa macho na inafaa kutazamwa, ila haichukui nafasi ya kitabu kwa sababu ucheshi wa Shafi umo kwenye masimulizi, haumo kwenye matukio.

Kuhusu kununua: nunua kabla hujavuka. Maduka ya Mji Mkongwe yanauza zaidi vitabu vya picha na vya Kiingereza kwa watalii, na riwaya ya Kiswahili unaweza kuikosa siku nzima. Dar es Salaam, duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora ndipo pa kuanzia. Ukinunua kwa wauza vitabu wa barabarani, kagua mambo matatu kabla ya kutoa pesa: namba za kurasa zisiruke, wino usififie katikati, na ukurasa wa hakimiliki uwe na jina la mchapishaji. Nakala za kudurufu zina ugonjwa wa kukosa kurasa za mwisho, na *Vuta N'kuvute* si kitabu cha kukosa mwisho. Msomaji wa bara aweke karibu *Kamusi la Kiswahili Fasaha* la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), kwa maana Kiunguja cha Shafi hakijachujwa.

Sasa mji. Anzia Malindi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, soko la samaki likiwa limechangamka na bandari iko pembeni. Ndani ya bandari huingii bila kibali na getini usitoe kamera, lakini kutoka barabara ya Mizingani unaona meli, boti za abiria na majahazi kwa pamoja. Vaa viatu vinavyostahimili maji, sakafu ya sokoni haikauki.

Chakula cha mchana, mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini, penye mbuyu, hatua chache kutoka kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Unakwenda kaunta, unaona vyungu, unaonyesha unachotaka. Faida ya utaratibu huu ni kwamba huhitaji kuamini maandishi ya menyu. Pweza wa nazi ndiye mtihani wa jiko lolote la Unguja: akipikwa vizuri, kijiti kinapenya bila kusukumwa na tui limeganda mwilini mwake, tui likikatika, utaona mafuta yamejitenga juu na maji yako chini. Hapa mara nyingi tui linasimama. Biriani inapakuliwa kama inavyotakiwa Zanzibar, wali mbali na mchuzi wa nyama juu, na kitunguu cha kukaanga kinatakiwa kiwe kikavu. Wali wa kawaida na samaki wa kupaka ni salama siku yoyote. Tatizo lake ni umaarufu. Kati ya saa saba na saa nane foleni ni ndefu, meza hazitoshi, na kelele hazikuruhusu kufungua kitabu. Fika saa sita, adhana ya adhuhuri haijatoka. Jioni vyungu vingi huwa chini na chaguo ni dogo.

Kahawa ni Jaws Corner, Sokomuhogo, vichochoro vinapokutana. Ni baraza la wazee, wacheza bao na wabishi wa siasa, na ndipo mahali pa kusikia Kiswahili kile unachokisoma. Ingia kwa salamu ya kutosha, kaa pembeni, usiwe na haraka ya kuuliza maswali, na usimpige mzee picha bila idhini. Kahawa ni chungu, inachemshwa kwenye dele juu ya mkaa na kumiminwa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Sukari haiwekwi, utamu unaletwa na kashata ya njugu au kipande cha halua. Dele likikaa motoni mno kahawa huungua na kuacha ukakasi kooni, kwa hiyo wahi baada ya alasiri, dele la kwanza la jioni linapotoka. Kati ya sehemu zote tunazozitaja, hii ndiyo tusingekubali mgeni aikose.

Vuka barabara ya Benjamin Mkapa, Creek Road ya zamani. Hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo kabla ya kufukiwa, na mpaka huo ndio unaoibeba *Vuta N'kuvute*. Upande huu ndio wa kula urojo. Usiule Forodhani kwanza. Huko unauzwa kwa mgeni asiyejua tofauti. Ng'ambo, wapishi wa mitaani huanza kutoa meza baada ya alasiri, na wateja wao ni majirani wanaorudi kesho, jambo ambalo ni bora kuliko kibao chochote cha sifa.

Urojo mzuri unaanzia kwenye rojo. Embe mbichi huchemshwa hadi zilainike, zikachujwa. Penye uhaba wa embe hutumika ukwaju, lakini rangi inazama. Unga wa ngano unakorogwa kwanza na maji baridi, ndipo unamiminwa kwenye maji ya moto yenye manjano na chumvi huku mwiko haukomi. Ukitiwa mkavu unafanya madonge, na ukiepuliwa mapema rojo linabaki na ladha ya unga mbichi. Hiyo ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote, na ulimi unaigundua kwa kijiko cha kwanza. Ndimu inaingia mwishoni, sufuria ikiwa imeshuka, kwa kuwa ikichemka inakuwa chungu.

Mtazame muuzaji anavyopanga bakuli. Chini anakatia viazi vya kuchemsha na kachori, anachomoa nyama ya mshikaki kwa vidole viwili, anapasua yai, anamimina rojo, kisha juu kabisa anaweka bajia, chatini ya nazi, pilipili na ngumi moja ya muhogo uliokwanguliwa na kukaangwa. Mpangilio huo una maana: bajia na muhogo vikitangulia chini vinalowa na unapoteza mchakacho wote. Ukichukua wa kwenda nao, mwombe avifunge mbali, na beba bakuli lenye kifuniko, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar. Pilipili sema mapema; yake haijui utani.

Ukiwa upande huo, pita Michenzani. Zile nyumba ndefu za ghorofa zilijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nchi ileile iliyomsomesha Shafi, na Kisiwandui ni mwendo mfupi kutoka hapo. *Haini* inasomeka vingine kabisa ukishaona jinsi Kisiwandui palivyo karibu na nyumba za watu.

Forodhani ibaki ya mwisho, baada ya magharibi. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 na upepo wake wa bahari hauna mpinzani, lakini chakula ni cha kuchagua kwa makini. Maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu, ndiyo, mradi uone muwa unasagwa mbele yako. Mishikaki ya ng'ombe, ndiyo. Vyakula vya baharini vilivyopangwa kwa urembo juu ya meza vingi vimekwishachomwa nusu, vikasubiri, vikarudishwa motoni. Pweza wa namna hiyo anakuwa mpira na kamba anakuwa unga. Uliza bei kwa kila kijiti kabla hakijagusa jiko. Pizza ya Zanzibar ni ufundi wa kweli: donge linatandazwa hadi mwanga upite, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na yai vinawekwa katikati, kisha linakunjwa mraba na kukaangwa juu ya tawa. Moto ukiwa mkali nje kunaiva na yai ndani linabaki bichi, kwa hiyo chagua mpishi asiye na foleni ya kumharakisha.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote inageuka. Lukmaan na wenzake mchana hawatoi chakula cha mezani, Jaws Corner inaamka baada ya tarawehe, na urojo unauzwa kwa wingi saa moja kabla ya futari. Mchana wa mwezi huo ni wa kusoma tu, na *Vuta N'kuvute* inatosha siku mbili.